Kurasa zinafunguka lakini CSS haionekani: nani amejibu ombi lako, Nginx au Django?

Swali: Nimeandika programu ya Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti) ya kutunza stoo ya duka la dawa. Kwenye laptop haina shida. Nimeipandisha kwenye seva ya Ubuntu 22.04, Gunicorn (inayoiendesha Django) inasikiliza poti 8000 na Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi ya wageni) iko mbele yake. Kurasa zinafunguka na data inaonekana, lakini hakuna CSS (mafaili ya mwonekano wa kurasa) wala picha, na ukurasa wa admin umebaki maandishi matupu. Nilishauriwa niwashe DEBUG=True (hali ya Django ya kutafutia makosa), haikusaidia. Usanidi wangu ni huu:

```
location /static/ {
    root /home/ubuntu/stoo/static/;
}
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
}
```

Naomba pia kujua: picha za risiti ambazo wafanyakazi wanapakia ziwekwe kwenye folda hiyohiyo? Na kwa nini Gunicorn isipeleke kila kitu yenyewe, tukaachana na Nginx?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza rudisha DEBUG iwe False, hata kabla hujamaliza kusoma. Ikiwa True, kosa lolote likitokea Django inammwagia mgeni ukurasa wenye njia za mafaili, vipande vya kodi (code) yako na sehemu kubwa ya mipangilio. Isitoshe, ushauri huo haukuwa na msingi kwenye seva yako. Ukiwa kwenye laptop, kinachokuletea CSS ni amri ya `runserver`: DEBUG ikiwa imewashwa, sehemu ya Django iitwayo staticfiles hujipenyeza ndani ya amri hiyo na kuyapeleka mafaili yenyewe. Gunicorn haipiti huko. Inaiita Django moja kwa moja, na Django haina habari yoyote na `/static/` mpaka wewe uiambie. Ndiyo maana uliwasha na hali ikabaki palepale.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi hulivuka na kukimbilia kubadilisha usanidi: ombi la `/static/admin/css/base.css` likifika kwenye seva yako, analijibu nani? Anaweza kuwa Nginx, akisoma faili kwenye diski. Anaweza kuwa Django, ombi likiwa limepitishwa nyuma. Usipojua ni yupi, kila marekebisho utakayofanya ni ya kubahatisha.

Usidanganywe na kichwa cha `Server` (vichwa ni mistari ya maelezo inayotangulia jibu). Ukipiga `curl -I`, amri inayoomba vichwa tu, utaona `Server: nginx` hata kama jibu limetoka Django, kwa sababu Nginx hukificha kichwa hicho cha programu iliyo nyuma na kuweka chake. Tazama dalili nyingine. Faili lililosomwa na Nginx kwenye diski huja na `Last-Modified`, `ETag` na `Accept-Ranges: bytes`. Jibu la Django kwa kawaida huja na `X-Frame-Options` na `Referrer-Policy`. Kurasa za 404 (faili halikupatikana) nazo hazifanani: ule wa Nginx una mstari mmoja katikati na jina "nginx" chini yake. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuizima Gunicorn dakika moja, wakati duka limefungwa:

```
sudo systemctl stop gunicorn
curl -I http://domeni-yako/static/admin/css/base.css
sudo systemctl start gunicorn
```

Ukipata 200 (ombi limefanikiwa), Nginx inasoma diski bila kumtegemea mtu. Ukipata 502 (aliye nyuma hajibu), ombi linakwenda nyuma, maana yake `location /static/` yako haishiki. Ukipata 404 au 403 (hairuhusiwi) huku Gunicorn imezimwa, Nginx ndiyo inayojibu, ila faili hailioni au haina ruhusa ya kulifungua. Kwa usanidi ulionitumia, naamini utapata 403, na ukifungua `/var/log/nginx/error.log` utakuta mstari wa namna hii:

```
open() "/home/ubuntu/stoo/static/static/admin/css/base.css" failed (13: Permission denied)
```

Usome taratibu, kwa sababu humo mna makosa mawili, na nyuma yake limejificha la tatu.

La kwanza ni `static/static`. Agizo la `root` halikati chochote kwenye anwani. Linachukua njia uliyoiandika na kuibandika mbele ya anwani nzima jinsi ilivyo. Anwani inaanza na `/static/`, njia yako inaishia na `/static/`, basi zimekutana mbili. `alias` hufanya kinyume: hukata ile sehemu iliyolingana na `location`, kisha huweka njia yako mahali pake. Kwa hiyo `root /home/ubuntu/stoo;` na `alias /home/ubuntu/stoo/static/;` zinafika kwenye faili lilelile. Mimi natumia `root` kila inapowezekana, na nyaraka za Nginx zenyewe zinashauri hivyo pale jina la folda linapofanana na la `location`. Sababu yangu ni ya usalama zaidi kuliko usafi wa kodi. Mtu akiandika `location /static` bila mkwaju (`/`) wa mwisho, kisha `alias /srv/stoo/static/;` yenye mkwaju, mgeni anaweza kuomba `/static../.env`. Nginx inakata `/static`, inabakiza `../.env`, inaibandika kwenye njia, na faili lako la siri linatoka nje. Orange Tsai, mtafiti wa usalama kutoka Taiwan, aliizungumzia hitilafu hii kwenye mkutano wa Black Hat mwaka 2018, na hadi leo seva zilizoandikwa hivyo bado zipo. Ukitumia `root`, mwanya huo haufunguki.

La pili ni ile `13: Permission denied`. Nginx kwenye Ubuntu hufanya kazi kwa jina la `www-data`, na ili ifungue faili ni lazima iruhusiwe kupita katika kila folda iliyo njiani, kuanzia juu kabisa. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani za watumiaji huundwa na ruhusa 750: mwenyewe na kundi lake wanaingia, wengine hawaingii. Unaweza kufanya `chmod 777` (ruhusa zote kwa kila mtu) kwenye `static` asubuhi hadi jioni, haitasaidia kitu, maana mlango uliofungwa uko juu yake, kwenye `/home/ubuntu`. Amri ya `namei -l` ikifuatwa na njia nzima ya faili itakuonyesha ruhusa za kila hatua, na kikwazo utakiona kwa macho. Baadhi ya watu hubadilisha mstari wa `user` kwenye `nginx.conf` ili Nginx iendeshwe kama `ubuntu`, au hata kama `root` (hapa ni mtumiaji mkuu wa seva, si lile agizo). Tafadhali usifanye hivyo. Ukifungua nyumba nzima ili itoke CSS, siku programu ikidukuliwa funguo zako za SSH (za kuingilia seva) zitakuwa zimo humohumo. Hamisha tu vile vinavyopaswa kuonwa na umma.

La tatu halionekani kwenye logi mpaka umalize hayo mawili. Folda uliyoielekeza ni ile ya mafaili unayoyaandika wewe. CSS ya admin haimo humo. Inakaa ndani ya kifurushi cha Django chenyewe, huko kwenye mazingira ya Python. Kuna amri ya `collectstatic` ambayo kazi yake ni kuyakusanya mafaili ya programu zote, ya Django na yako, na kuyamwaga kwenye folda moja iitwayo `STATIC_ROOT`. Nginx haina haja ya kujua kingine zaidi ya folda hiyo.

Basi tupange upya. Kodi ibaki nyumbani, vya umma viende `/srv`:

```
sudo mkdir -p /srv/stoo/umma/static /srv/stoo/umma/media /srv/stoo/siri
sudo chown -R ubuntu:ubuntu /srv/stoo
```

Kwenye `settings.py`:

```
STATIC_URL = "/static/"
STATIC_ROOT = "/srv/stoo/umma/static"
MEDIA_URL = "/media/"
MEDIA_ROOT = "/srv/stoo/umma/media"
```

Kisha `python manage.py collectstatic`, na usanidi wa Nginx uwe hivi:

```
server {
    listen 80;
    server_name domeni-yako;
    root /srv/stoo/umma;

    location ^~ /static/ {
        expires 1h;
    }
    location ^~ /media/ {
    }
    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Mistari mitatu ya `proxy_set_header` haikuwemo kwako. Bila ule wa `Host`, Django inaona imeitwa kwa jina la `127.0.0.1:8000`, badala ya domeni yako, na utaanza kugombana na `ALLOWED_HOSTS` na viungo vinavyoelekea kusikojulikana. Fanya `sudo nginx -t`, ikikubali fanya `sudo systemctl reload nginx`, kisha rudia kile kipimo cha kuzima Gunicorn. Sasa unatakiwa kupata 200.

Alama ya `^~` nimeiweka kwa makusudi. Nginx haisomi `location` zako kutoka juu kwenda chini kama wengi wanavyodhani. Hutafuta kwanza kiambishi kirefu zaidi kinacholingana na anwani, hukiweka kando, kisha hugeukia zile zenye mifumo ya herufi (regex), zinazoanza na `~`, na ya kwanza itakayolingana inashinda kile kiambishi. Sasa kuna kipande kimoja kinachonakiliwa kila mahali mtandaoni:

```
location ~* \.(css|js|png|jpg)$ {
    expires max;
}
```

Kinaonekana hakina madhara. Kumbe kinanyakua kila anwani inayoishia na `.png`, ikiwemo ile ambayo iko chini ya `/static/` yenye `alias` yake, na ikiwemo picha ya msimbo wa QR ambayo Django huitengeneza papo hapo na haiko kwenye diski hata kidogo. Ikiwa hujaweka `root` ya kiwango cha `server`, Nginx ya Ubuntu itaenda kutafuta faili ndani ya `/usr/share/nginx/html`. Ukiona njia hiyo kwenye logi ya makosa, ujue sababu ndiyo hii. `^~` inaiambia Nginx: ukilingana hapa, usiendelee kutafuta. Kipande chenyewe kifute.

Dalili nyingine mbili utakazokutana nazo kwenye konsoli ya kivinjari. Kikilalamika kwamba faili la CSS limekuja kama `text/html`, ujue hukuletewa CSS. Umeletewa ukurasa wa 404 au wa kuingia, na rudi kwenye swali la nani amejibu. Kikisema limekuja kama `text/plain`, faili limefika salama lakini mstari wa `include mime.types;` umepotea kwenye `nginx.conf`, jambo linalowapata zaidi walioandika faili hilo upya kutoka mwanzo.

Kuhusu Gunicorn kufanya kila kitu peke yake. Kwa mipangilio yake ya awali, Gunicorn huwasha mfanyakazi (worker) mmoja, yaani mchakato unaojibu maombi, na huyo hushika ombi moja kwa wakati mmoja. Nyaraka zake zinapendekeza idadi ya viini vya prosesa mara mbili, ongeza moja. Kwa seva ya kiini kimoja, hao ni watatu. Ukurasa mmoja wa admin huomba mafaili kadhaa ya CSS na JavaScript kwa mkupuo. Mtu mwenye simu kwenye mtandao dhaifu akianza kuyavuta pole pole, wafanyakazi wako watatu wanaishia kumsubiri yeye, na anayetaka kuuza dawa kaunta anaona kurasa zimeganda. Ni sawa na kumtoa mfamasia dirishani akabebe maboksi. Nginx imejengwa kwa kazi hiyo hasa: mchakato mmoja unahudumia maelfu ya miunganisho, na faili hutoka kwenye diski hadi kwenye soketi kwa wito wa `sendfile` bila kupitia Python. Hata majibu ya Django yenyewe Nginx huyapokea haraka, huyahifadhi kwenye bafa (hifadhi ya muda), kisha humpa mteja kwa kasi ya mteja, na mfanyakazi wa Gunicorn anakuwa huru.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ni lazima. Iko maktaba ya WhiteNoise inayoiwezesha Django kupeleka mafaili ya `/static/` yenyewe, ikiwa na mgandamizo na vichwa vya kache (nakala ambazo kivinjari hujiwekea) vilivyopangwa vizuri. Kwa duka moja lenye watumiaji wachache inatosha kabisa, na inakuondolea habari za ruhusa na `alias`. Ila haikusudiwi mafaili yanayopakiwa na watumiaji, na wewe unayo. Kwa kuwa Nginx umeshaiweka, baki nayo.

Kuna mambo mawili yatakayowapunguzia gharama watumiaji wako wanaonunua bando. `nginx.conf` inayokuja na Ubuntu ina `gzip on;`, lakini mstari wa `gzip_types` umefungwa kwa alama ya `#`. Bila mstari huo Nginx hugandamiza HTML tu. CSS na JavaScript zinasafiri na uzito wake wote. Uondolee alama hiyo. Jambo la pili ni kache. Nimeandika `expires 1h` kwa kuwa majina ya mafaili yako hayabadiliki: ukiweka mwaka mzima leo na kesho ukarekebisha CSS, vivinjari vitaendelea na ile ya zamani na wewe utapigiwa simu. Tumia `ManifestStaticFilesStorage` ya Django, ambayo wakati wa `collectstatic` hubandika alama ya maudhui kwenye jina, mfano `base.` kisha herufi na tarakimu kadhaa kisha `.css`. Faili likibadilika, jina nalo linabadilika. Hapo unaweza kuweka `expires 1y` bila hofu. Angalizo moja: ukiweka `add_header` ndani ya `location`, zile zote ulizoziandika kwenye `server` hazirithiwi tena humo. Ukiwa na vichwa vya usalama huko juu, virudie.

Sasa risiti. Hapana, usiziweke na `static`, na kwa maoni yangu hata `media` ya wazi si mahali pake. Mafaili ya `static` ni yako na unaweza kuyafuta na kuyakusanya upya saa yoyote. Risiti zimetoka kwa watu, haziwezi kutengenezwa tena, zinahitaji nakala rudufu, na zina bei za ununuzi na majina ya wasambazaji. Chochote kilicho chini ya `umma` kinafunguliwa na yeyote mwenye anwani, awe ameingia kwenye mfumo au la. Nginx haimfahamu mtumiaji wako. Picha ya bidhaa iende `media`, risiti iende `/srv/stoo/siri`, kwa kuipa sehemu ile ya modeli `FileSystemStorage(location="/srv/stoo/siri")`.

Lakini kama Nginx haimfahamu mtumiaji na Gunicorn haifai kubeba mafaili, nani atazipeleka? Watagawana. Ongeza hii kwenye Nginx:

```
location ^~ /siri/ {
    internal;
    root /srv/stoo;
}
```

Neno `internal` linamfungia mgeni: akiomba `/siri/` moja kwa moja anapata 404. Kisha Django:

```
@login_required
def risiti(request, pk):
    r = get_object_or_404(Risiti, pk=pk)
    jibu = HttpResponse()
    jibu["Content-Type"] = "image/jpeg"
    jibu["X-Accel-Redirect"] = "/siri/" + quote(r.picha.name)
    return jibu
```

Django inakagua kama mtu ameingia (ongeza na ukaguzi wa kama anaruhusiwa kuona risiti hii hasa), inarudisha jibu tupu lenye kichwa cha `X-Accel-Redirect`, na Nginx ikikiona kichwa hicho inakwenda kulisoma faili kwenye diski yenyewe. Mteja haoni chochote kuhusu `/siri/`. Usiache kutaja `Content-Type` ya aina halisi ya faili (hapo juu ni JPEG), vinginevyo Nginx itashika ile `text/html` ya Django na picha itafunguka kama takataka za herufi. `quote` inatoka `urllib.parse`, bila hiyo, faili lenye nafasi au herufi za ajabu kwenye jina litakusumbua.

Na uwe mkali kuhusu unachopokea. Mtu akipakia faili la HTML au SVG lenye JavaScript ndani yake, kisha likafunguliwa kutoka kwenye domeni yako, kodi ile itaendeshwa kana kwamba umeiandika wewe. Kubali JPEG, PNG na labda PDF, basi.

Utakapojaribu kupakia risiti ya kwanza kutoka kwenye simu, kuna uwezekano mkubwa utapata kosa la 413 na Django isiandike lolote kwenye logi yake. Kwa kawaida Nginx hukataa ombi lenye mwili unaozidi megabaiti 1, na picha za simu za siku hizi hupita hapo kirahisi. Weka `client_max_body_size 10m;` ndani ya `server`, kisha `nginx -t` na `reload` kama kawaida.